Nguo za Gujarati, Chuma cha Ugweno

Mwaka 1849 Mangi Mamkinga, mtawala wa Machame, alimmaliza Johannes Rebmann mali yote. Mmisionari huyo wa Rabai, nyuma ya Mombasa, alikuwa amepanda mlimani Kilimanjaro kwa mara ya tatu, na safari hii alikusudia kuendelea mpaka Unyamwezi. Wapagazi wake walibeba vitambaa na shanga, maana bila vitu hivyo hakuna mgeni aliyepita katika nchi ya mtu. Mangi akaomba leo, akaomba kesho, na wakubwa wake nao wakataka chao, hata mizigo ikaisha. Unyamwezi Rebmann hakufika. Alirudi Rabai mgonjwa na mikono mitupu.

Vitabu vya shule vinamkumbuka kwa theluji aliyoiona tarehe 11 Mei 1848, ambayo wasomi wa Ulaya walikataa kuiamini. Mimi hunivuta zaidi ile mizigo yake. Machame iko juu tu ya mahali ambapo leo pana soko la Kwa Sadala, wilayani Hai, kando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha. Nguo aliyojitanda Mamkinga ilifumwa na nani? Shanga za wake zake zilitoka wapi? Ukifuata maswali hayo utavuka bahari mpaka miji ya wafumaji na wachonga mawe wa India ya magharibi, kisha utarudi kwa wahunzi wa Ugweno na Mamba na kwa akina mama wa masoko ya mlimani. Historia yetu ya biashara imejaa majina ya wamangi na wasafiri wa Kizungu. Waliofanya kazi yenyewe wametajwa kwa kupitia, na mimi nakusudia kukaa nao zaidi hapa.

Tuanze Khambhat, mji wa bandari katika Gujarati. Ibn Battuta aliufikia mwaka 1342, miaka kumi na moja baada ya kuizuru Kilwa, akausifu kwa majumba na misikiti iliyojengwa na wafanyabiashara wa kigeni. Utajiri wake ulikuwa na mikono mingi nyuma yake, na mikono ninayoipenda kuliko yote ni ya mafundi wa akiki. Mawe yalichimbwa Ratanpur, kwenye vilima vya Rajpipla, yakaanikwa juani, kisha yakachomwa katika vyungu kwa moto wa taratibu ili rangi ya kahawia igeuke nyekundu. Huko Khambhat fundi alikaa chini mbele ya mambo wa chuma uliochomekwa ardhini. Aliliegemeza jiwe kwenye ncha ya mambo na kuligonga kwa nyundo yenye kichwa cha pembe, likameguka vipande vidogo vidogo mpaka likapata umbo. Fundi mwingine alilitoboa kwa keekee ya uta yenye ncha ya almasi. Mwisho shanga zilitiwa katika mfuko wa ngozi pamoja na unga wa kusugulia, na watu wawili wakauviringisha huku na huku kwa siku nyingi, mpaka zikang'aa.

Akiki za namna hiyo zimefukuliwa na wachimba kale pale Kilwa. Kwa hiyo kabla Mreno hajaonekana katika bahari hii, kazi ya fundi wa Khambhat ilikwisha kufika kwenye shingo za watu wa pwani yetu. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 alikuta huko merikebu za Wahindi zimetangulia, na Wareno wakawadhania mabaharia wale kuwa Wakristo. Hawakuwa Wakristo. Walikuwa watu wa biashara waliokuja na kaskazi na kurudi na kusi, kama baba zao.

Nguo ndiyo iliyokuwa bidhaa kubwa kuliko zote. Pamba ya Gujarati ilisokotwa na wanawake majumbani, ikafumwa na Wavankar, tabaka la wafumaji lililodharauliwa na matabaka ya juu ingawa wote walivaa kazi ya mikono yake. Ikatiwa rangi na kupigwa chapa na Wakhatri, ambao walitoka Sindi wakakaribishwa na watawala wa nchi ya Kachi katika karne ya 16. Nili ya kutia rangi ya buluu nzito ilitoka Sarkhej, karibu na Ahmedabad, mji ulioasisiwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411. Kila fundi alikuwa na chama chake, na wafanyabiashara walikuwa na mahajan, baraza lililopanga bei, likaamua ugomvi, na lilipodhulumiwa likafunga maduka yote ya mji. Mwaka 1669 wafanyabiashara wa Kibaniani wapatao 8,000 waliuhama mji wa Surat kwa pamoja wakaenda Bharuch, kwa sababu kadhi aliwaonea katika dini yao. Mji ulisimama mpaka Mfalme Aurangzeb akawapa ahadi za kuwatuliza, nao wakarudi.

Wafumaji hawakuwa na nguvu hiyo. Walipewa arubuni na dalali kabla hawajafuma, na mtu mwenye deni hapangi bei. Njaa kuu ya mwaka 1630 hadi 1632 iliua watu wa Gujarati kwa wingi wa kutisha, na wafumaji walikuwa miongoni mwa wa kwanza, kwa kuwa hawakuwa na shamba la kukimbilia. Vijiji vizima vya vitanda vya mfumi vilinyamaza. Hayo tuyakumbuke tunaposoma kwamba nguo za India zilikuwa nafuu. Kuna aliyelipia unafuu huo.

Khambhat yenyewe ilifukiwa na tope la ghuba yake, merikebu kubwa zikashindwa kuingia, na biashara ikahamia Surat, Diu, kisha Mandvi huko Kachi. Mafundi wa akiki hawakuhama. Mpaka leo mji huo unachonga mawe. Wareno nao walifika na mizinga yao, wakadai kila chombo kikate hati ya kupita baharini, lakini hawakuwa na nguo yao wenyewe ya kuuza Afrika. Walitegemea ile ile ya Gujarati. Hata ngome yao ya Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593, ilijengwa kwa mikono ya waashi walioletwa kutoka India, pamoja na watu wa pwani.

Sasa turudi mlimani, ambako mambo yalikuwa yakiendeshwa kwa utaratibu mwingine kabisa.

Mlima Kilimanjaro ulikuwa na nchi nyingi ndogo, kila moja na mangi wake, zikitenganishwa na makorongo. Watu waliishi vihambani katikati ya migomba, wakalima ulezi na baadaye mahindi kwenye mashamba ya chini. Maji yaliteremshwa kwa mifongo, ile mifereji inayobanwa kwenye ubavu wa korongo kwa kilometa kadhaa. Kuchagua njia ya mfongo ulikuwa ufundi wa wenye jicho la pekee, na baadhi ya koo zilijulikana kwa kazi hiyo. Wageni wa karne ya 19 waliukuta mlima mzima umepigwa mistari ya maji.

Utajiri huo ulikuwa na mapengo. Mlima haukuwa na mbale ya kutosha kuyeyushwa, udongo wake mwingi haukufaa vyungu, na chumvi haikuwapo. Vitu hivyo vilitoka chini na upande wa kusini mashariki: vyungu vya Usangi na Ugweno, magadi ya nyika ya Kahe na Arusha Chini, chuma cha Wagweno. Kwa hiyo mlima ulifanya biashara tangu zamani sana, na biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake. Masoko yalizunguka kwa siku maalumu, leo hapa, kesho kutwa pale, mara nyingi mahali pa kukutana nchi mbili au pale vihamba vinapoishia na nyika kuanza. Mwanamke alishuka na mikungu ya ndizi, maharage, ulezi na maziwa, akapanda na magadi, chungu na jembe. Waume zao walipokuwa wakipigana, masoko mara nyingi yaliendelea, na mtu wa mangi alipita akichota kidogo kwa kila muuzaji kuwa ushuru. Nawaheshimu wanawake wale. Walijua bei ya magadi katika nchi ambayo mume asingethubutu kuingia bila mkuki.

Ugweno, juu ya milima ya Upare Kaskazini, kulikuwa ndiko kiwanda cha eneo lote. Ukoo wa Washana ulikuwa na siri ya chuma, na kwa masimulizi yaliyokusanywa na mwanahistoria Isaria Kimambo, wahunzi hao ndio waliotawala kabla ya kupinduliwa na ukoo wa Wasuya. Nchi iliyotawaliwa na wahunzi! Sijui wengi wanaolifahamu hilo hata hapa Moshi. Baada ya mapinduzi waliendelea na kazi, kwa sababu hakuna mtawala aliyeweza kuishi bila jembe na mkuki. Mchanga mweusi wenye chuma ulioshwa kwenye vijito, ukayeyushwa kwa makaa katika tanuri, mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikipulizwa kwa zamu usiku na mchana. Vipande vya chuma vilivyotoka hapo vilishuka Kahe, vikavuka, vikapanda Marangu, Mamba, Moshi na Machame.

Upande wa Uchaggani, Mamba ndiyo iliyopata sifa ya wahunzi. Walifua majembe, mundu, panga na mikuki, pamoja na mikuki mirefu iliyotakiwa na Wamasai. Mhunzi aliogopwa na kuheshimiwa kwa pamoja. Nyundo yake iliweza kulaani mwizi, na watu walijihadhari na kuapizwa nayo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyekaa Machame na Old Moshi miaka mingi, alichapisha uchunguzi wake juu ya mhunzi na ufundi wake mwaka 1912, na ukisoma unaona jinsi chuma kilivyoingia katika ndoa, viapo na matambiko. Mamba haikuwa na chama chenye daftari cha namna ya mahajan ya Surat. Ilikuwa na ukoo, na ukoo ulitunza siri ya kazi, ukapanga nani afundishwe na nani asifundishwe.

Dunia hizi mbili, ya Gujarati na ya mlima, zilikutana kwa dhati katika karne ya 19. Sultani Seyyid Said wa Omani alihamishia makao yake Unguja, na forodha akaikodisha kwa nyumba ya Shivji, Wabhatia wa Mundra huko Kachi. Jairam Shivji aliishika forodha hiyo kwa miongo kadhaa, akawakopesha wenye misafara, hata Sultani mwenyewe akawa mdeni wake. Mkopo wa Unguja ulikuwa nguo na shanga na masango, na malipo yake pembe za ndovu. Nguo ya kaniki ilikuja kutoka Kachi na Surat ikiwa imetiwa nili. Nguo ya merikani ilitoka Salem, Marekani, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 uliowapa Wamarekani ushuru wa asilimia 5. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokatiza pamba mwaka 1861, nafasi ikafunguka, na viwanda vipya vya Bombay vikaja kuijaza. Shanga nyingi wakati huo zilikuwa za kioo cha Venice, wala si tena akiki. Lakini aliyezikopesha Unguja bado alikuwa Mhindi.

Kutoka Pangani, Tanga na Mombasa misafara ilipanda. Waongozaji wake wanaojulikana kwa majina ni wachache, na nafurahi kuwataja Waswahili wawili. Sadi bin Ahedi, mzaliwa wa jirani ya Gazi, kusini mwa Mombasa, alizijua njia za bara kiasi kwamba mmisionari Thomas Wakefield aliandika maelezo yake na kuyachapisha mwaka 1870, yakawa msingi wa ramani za Wazungu. Jumbe Kimemeta wa Pangani alikuwa mfanyabiashara wa pembe aliyevuka nchi ya Wamasai mara kwa mara. Msafiri wa Kizungu Joseph Thomson alisafiri naye mwaka 1883, na msafiri mwingine, Teleki, baadaye. Thomson alipofika Taveta ilibidi akae kuzitunga shanga zake upya, kwa urefu na rangi zilizotakiwa na Wamasai, na kushonesha mavazi ya vita kwa vitambaa alivyonunua pwani. Moran, kijana wa vita wa Kimasai, hakuchukua kila alichopewa. Alijua alichotaka, na fundi wa mbali alilazimika kumfuata yeye, kwa sababu shanga ya rangi isiyotakiwa haikununua hata mbuzi.

Pembe nazo zilikwenda. Ndovu wa misitu na nyika za chini ya mlima aliuawa, pembe yake ikabebwa begani mpaka Pangani, ikapita Unguja, ikavuka mpaka Mandvi, Surat na Bombay. Huko wachongaji waliikata pete kwa pete kuwa bangili za maharusi, maana katika sehemu za Gujarati, Kachi na Rajasthani bibi arusi hakukamilika bila bangili za pembe, na akifiwa na mume zilivunjwa. Kwa hiyo mahitaji hayakwisha. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa ulaini wake, haipasuki upesi chini ya patasi. Nyingine ziliendelea mpaka Ulaya na Marekani kuwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi.

Na watu nao waliuzwa. Hilo haliwezi kuwekwa pembeni kwa sababu ya uzuri wa akiki. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, aliteka watu katika vita dhidi ya jirani zake na baadhi yao, wanawake na watoto wakiwa wengi, walikabidhiwa kwa misafara ya pwani. Sina wa Kibosho alimjibu kwa vita vile vile, akajijengea ngome ya mawe. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utekaji mlimani haukukoma siku hiyo. Nguo ya Mamkinga na ya Rindi ilikuwa na bei ambayo haikuandikwa kwenye daftari la Mhindi yeyote.

Liko jambo moja zaidi la zama hizo ambalo nadhani halijapewa uzito. Misafara ilileta masango ya chuma, yaani nyaya nene za viwandani, pamoja na zile za shaba nyekundu na njano. Mhunzi wa Uchaggani aliupenda waya huo. Ulikuwa safi, haukuhitaji kuyeyushwa, ukaponda tu na kuunganisha, ukapata mkuki au mkufu mwembamba wa kupendeza. Aliyeumia ni Mgweno mwenye tanuri. Kazi ya kuosha mchanga, kuchoma makaa na kupuliza mivukuto haikuweza kushindana na mzigo wa waya ulioshuka melini. Kilichowapata wafumaji wa Gujarati mbele ya viwanda vya Manchester kiliwapata wayeyushaji wa Ugweno katika karne hiyo hiyo: aliye mwanzoni mwa kazi alipoteza, na aliye mwishoni, Mkhatri mwenye chapa zake na mhunzi wa Mamba mwenye nyundo yake, alibaki, akafanyia kazi malighafi ya mwingine. Wengi wameandika juu ya kufa kwa ufundi wa India. Tanuri za Ugweno zilizimika kimya kimya.

Wajerumani walikuja, wakamshinda Sina mwaka 1891, wakaweka boma, na reli ya kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911. Mji wenyewe ukateremka kutoka Old Moshi kuja stesheni. Sasa Mhindi hakuhitaji tena kumkopesha Mswahili wa msafara. Alikuja mwenyewe, akafungua duka, mara nyingi chumba cha mbele kwa biashara na cha nyuma kwa familia. Waismailia, Wabohora, Walohana na Masingasinga walijenga jamatikhana, misikiti na mahekalu yao katikati ya mji, na mafundi wao wakaleta useremala, uashi na kazi ya bati. Barazani pa duka aliketi fundi cherehani, na kadiri miaka ilivyokwenda fundi huyo alikuwa Mwafrika, akishona kitambaa cha mwenye duka kwa mteja aliyekinunua muda huo huo. Vijana wengi wa mlimani walijifunza ufundi kwenye baraza hizo, kwa kutazama kwanza.

Kahawa ndiyo iliyogeuza mizani. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa mbele yao, na mwaka 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichokusanya na kuuza kahawa ya wenyeji. Kwa mara ya kwanza watu wa mlima walikuwa na baraza lao la biashara lenye daftari, lililoweza kukaa meza moja na mnunuzi wa Ulaya na kukataa bei. Kisha, baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo iliwaondolea Wahindi wengi nyumba zao za mjini, wengi wakahama nchi, na maduka yakapata wenyewe wapya.

Soko la Kwa Sadala limekaa katika ukanda ule ule wa zamani, kati ya vihamba vya juu na nyika ya chini, mahali ambapo mazao ya mlima hukutana na vitu vya tambarare na vya mbali. Akina mama hushuka na ndizi na maharage, hununua mahindi na mitumba. Kanga nyingi zinazouzwa Tanzania leo hupigwa chapa India, nyingine katika mji wa Jetpur, Gujarati, na kazi ya mafundi wa huko bado inategemea kukubaliwa na mwanamke wa huku, anayesoma jina la kanga kwanza kabla hajauliza bei. Mamba nako wahunzi wangali wakifua majembe na visu, kwa vyuma chakavu vya magari badala ya waya wa Unguja au chuma cha Ugweno.

Majina ya wamangi tumeyahifadhi, na ni vizuri. Ya wahunzi, wafinyanzi na wachuuzi hayajahifadhiwa, na wanaoyajua wanazidi kupungua. Ewe msomaji wa Hai, Moshi, Mwanga au Usangi, kama nyumbani kwenu kuna bibi aliyewahi kubeba magadi kutoka Kahe, au mzee ambaye babu yake alipuliza mivukuto, kaa naye sasa, umwulize bei, njia na siku za masoko, uandike.